Magari Yanayowasiliana Hukadiriaje Muda wa Safari?

SWALI: Nimesoma kwamba magari ya kisasa yanaweza kupashana habari bila waya na kutokana na habari hizo kukadiria muda wa safari. Hesabu hiyo hufanywaje, na itaaminikaje ilhali magari mengi hayana vifaa hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, gari lenye kifaa hicho hutangaza kwa redio, kwa kawaida mara 10 kila sekunde, ujumbe mfupi unaoeleza mahali lilipo, kasi yake, linakoelekea na kama dereva amekanyaga breki. Masafa yanayotumika ni ya karibu gigahezi 5.9, ambayo Marekani iliyatenga kwa kazi hii mwaka 1999. Ujumbe hufika mita mia kadhaa, ukapokewa na magari mengine au mitambo iliyo kando ya barabara. Lengo la kwanza lilikuwa kuepusha ajali, na kwa ajili ya faragha vitambulisho vya magari hubadilishwa kila baada ya muda, hivyo si rahisi kulifuatilia gari moja tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

Ndiyo maana barabara hugawanywa katika vipande, muda wa kila kipande ukakadiriwa, kisha ukajumlishwa. Kinachojumlishwa ni muda. Kasi hazichukuliwi tu wastani. Chukua barabara ya kilomita 10 ambayo nusu yake magari yanakwenda kilomita 20 kwa saa na nusu nyingine 60. Wastani wa kasi hizo ni 40, nao ungekuambia dakika 15. Lakini nusu ya kwanza peke yake inamaliza dakika 15, na ya pili 5, kwa hiyo utafika baada ya dakika 20.

Kuhusu uchache wa magari yenye vifaa, wasiwasi wako una msingi, ila si kila mahali. Katika foleni nzito hakuna nafasi ya kupita, kwa hiyo mwendo wa gari moja unaeleza mwendo wa yale yaliyolizunguka. Ugumu uko kwenye taa za barabarani: magari mawili yaliyofuatana yanaweza kutofautiana kwa dakika nzima, moja likikuta kijani na lingine nyekundu, na hapo ushahidi wa gari moja hautoshi. Hata hivyo, mahali liliposimama gari la nyuma kabisa linalotangaza panaonyesha kwamba foleni imefika angalau hapo, jambo ambalo kipimo kilichofukiwa kwenye lami karibu na taa hakiwezi kuliona.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba kasi inayopimwa ni ya sasa, ilhali kipande cha mwisho utakifikia baadaye. Msongamano unapokua, makisio huwa mafupi kuliko safari yenyewe. Unapopungua, huwa marefu. Mifumo mizuri huchanganya taarifa za redio na kumbukumbu za siku zilizopita, na kwa maoni yangu ingefaa imwonyeshe dereva kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano dakika 40 hadi 55, badala ya tarakimu moja.