Muhogo wako unahitaji kunde

Juzi msomaji mmoja wa Rufiji ameniuliza kama kunde zinanyonya rutuba ya muhogo. Kule Mkuranga wakati naanza kuchanganya kunde na muhogo, watu hawakuuliza, walicheka. Jirani mmoja alinitangazia mbele za watu kwamba hicho ni kilimo cha mboga, si cha biashara. Neno lile linaniuma mpaka leo. Msimu huu tulipong'oa muhogo wangu wa aina ya Kiroba, mizizi minene imejaa kila shina, alikuja mwenyewe kuniomba pingili, vipande vya shina vya kupanda. Nikampa.

Ardhi yetu ya Pwani ni kichanga, na imechoka. Muhogo nao hauna haraka: miezi mitatu ya mwanzo majani yake hayajafunika ardhi, na katikati ya mistari yanajiotea magugu. Nafasi hiyo ni ya kunde. Masika yakishika, napanda pingili mita moja kwa mita moja, na ndani ya wiki hiyohiyo natia mstari wa kunde katikati. Chagua kunde zinazosimama. Zile zinazotambaa zitaparamia muhogo na kuukaba. Kunde za muda mfupi zinakomaa kwa siku 60 hadi 75 hivi, wakati muhogo ndio kwanza unatanuka, na pesa ya kunde hizo ndiyo inayolipa vibarua wa palizi.

Zikianza kutoa maua, ng'oa mche mmoja ukung'ute mchanga. Mizizini utaona vinundu kama punje za mtama. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa na wekundu ndani, bakteria wako kazini, wanavuta naitrojeni ya hewani, ambayo ni chakula cha mimea. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo inaishia kwenye majani na mbegu. Sasa mtu anavuna, kisha anakusanya masalia na kuyachoma! Ndugu zangu, mnalalamika mbolea ni ghali huku mnaichoma kwa kiberiti chenu wenyewe. Acheni. Chuma maganda, mabua yalaze kati ya mistari yaozee hapohapo.

Karanga pia zinafaa. Mbaazi hurefuka na kukaa muda mrefu shambani, hivyo ipe nafasi pana zaidi.

Ila kunde haziponyi magonjwa ya muhogo kama batobato na michirizi ya kahawia. Pingili chukua kwenye shamba safi, na mche wenye majani yaliyojikunja kwa mabaka ya manjano ung'oe mapema, hata kama roho inauma.