Tunga na waliofika: dansi yangu ya kwanza na saa 21 za mazoezi

Siku ya kwanza niliingia ukumbini na daftari lenye kurasa kumi na moja za hatua. Nilikuwa nimezitunga peke yangu chumbani kwangu Temeke, miguu ikigonga kitanda, na kila hatua ina namba yake: moja hadi nane, halafu tena moja hadi nane. Wachezaji niliowaita walikuwa watano. Saa kumi na moja jioni alikuwepo mmoja. Saa kumi na moja na nusu watatu. Wa nne alitokea Gongo la Mboto saa kumi na mbili na robo, shati limelowa jasho kabla hajacheza chochote. Wa tano alituma ujumbe wa sauti.

Vijana wanaotaka kutunga dansi ya kisasa kwa mara ya kwanza huniuliza waanzie wapi, na wengi hutegemea niwaambie habari za muziki au mavazi. Mimi nawaambia wapige hesabu ya saa.

Wiki sita, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku: saa 36. Hiyo ni ya kwenye karatasi. Nilikuwa naandika mahudhurio, na nilipokuja kujumlisha muda ambao wote walikuwa ndani na wameshapasha miili, nilipata saa 21. Kuna foleni, kuna masika ambayo ikikolea Jangwani hapapitiki, kuna mtu ametumwa na bosi wake dakika ya mwisho. Dansi niliyoipigia mahesabu ya dakika 25 ilitoka dakika 12. Yaani kila dakika moja ya jukwaani ilikula karibu saa mbili za mazoezi, na bado kuna sehemu ya katikati ambayo mpaka leo nikiiona kwenye video nafumba macho.

Kwa hiyo panga ndogo. Halafu weka nauli kwenye bajeti. Yangu ya kwanza ilikuwa na mavazi, taa na mpiga picha; nauli haikuwemo, kana kwamba watu wangekuja kwa kupaa. Yule wa Gongo la Mboto alikuwa akipanda magari mawili kuja na mawili kurudi, mara tatu kwa wiki. Hayo ni magari kumi na mawili kwa ajili ya ndoto yangu mimi. Nikafuta mavazi, tukanunua mashati ya mitumba Karume, na ile hela ikawa nauli ya mkononi, siku hiyo hiyo, pamoja na chapati mbili kwa kila mtu. Wachelewaji hawakuisha. Watoro waliisha, isipokuwa mmoja, nitamfikia.

Sakafu. Hili naomba nilikazie, maana hakuna aliyeniambia. Ukumbi tuliopata ni darasa la chekechea linalokodishwa jioni, sakafu yake ya saruji. Dansi ya kisasa ina kuanguka kwingi, kubingiria, kuruka na kutua. Sakafu ya mbao iliyojengewa uwazi chini hubonyea kidogo na kumeza mshindo wa kutua. Saruji haimezi kitu, inakurudishia wote kwenye muundi na magoti. Wiki ya pili wachezaji wawili walikuwa wanapanda ngazi kama wazee, na kosa lilikuwa langu, maana nilikuwa narudia mruko mmoja mara thelathini ili mimi nione ninachotaka. Tukakubaliana: miruko yote ifanywe mara tu baada ya kupasha miili, isizidi dakika ishirini, na inayobaki siku hiyo tuipitie kwa kutembea tu. Kuanguka tulijifunzia kwenye mikeka ya sponji ya watoto, ile yenye herufi. Kijana mmoja bado anaita ule mwanguko wake "kwenye W".

Kama unaweza kupata nafasi yenye sakafu nzuri hata mara moja kwa wiki, itafute kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Nenda Nafasi Art Space, kile kituo cha sanaa pale Mikocheni, ulizia kwa watu wa Muda Africa wanaofundisha dansi ya kisasa hapa hapa Dar, fahamiana na waliosoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Mji huu hauna kumbi nyingi za dansi, ila una watu wanaojua funguo anazo nani.

Sasa lile daftari la kurasa kumi na moja. Lilidumu siku tatu. Wachezaji walizishika hatua zote, walihesabu vizuri, na walionekana kama watu wanaokariri namba za simu. Mmoja wao alikulia kwenye bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya majembe. Magoti yake yamezoea kukunjika na uzito kushuka ardhini. Mwingine ni mtu wa singeli, mwepesi, pumzi yake iko juu kifuani. Mimi nilikuwa nimewapa wote mwili mmoja, mwili wangu wa chumbani, na hakuna aliyeenea ndani yake.

Siku ya nne nikaliacha daftari kwenye mkoba nikawapa kazi. Dansi ilihusu watu kituoni, basi nikawaambia: simama kama uko Mbagala Rangi Tatu saa mbili usiku, gari linakuja, halina nafasi, na wewe lazima uingie. Chukua dakika kumi, nionyeshe mwili wako unafanyaje, usiniigizie sura. Ndani ya dakika hizo kumi nilipata vitu ambavyo nisingevitunga kwa mwezi. Dada mmoja aliingiza bega kwanza, kichwa kikageukia nyuma kana kwamba si yeye anayesukuma. Adabu na ukorofi katika bega moja! Ule mtikisiko mdogo ulikuja kuwa uti wa mgongo wa dansi nzima.

Kazi yako hapo inabaki kuchagua na kukata, na inauma kwa sababu utakata vizuri vingi. Kila kipande tulikipa jina: Bega, Dirishani, Chenji Yangu. Namba husahaulika, ukisema "tuanzie Chenji Yangu" kila mtu anajua mguu uwekwe wapi.

Jambo dogo la simu: nilirekodi nikiwa mbele yao, nikawatumia kwenye kundi la WhatsApp wajifunzie nyumbani. Wawili waliifuata video kama wanaojitazama kwenye kioo, kulia ikawa kushoto, na tukapoteza jioni nzima kubomoa. Rekodi ukiwa nyuma ya wachezaji. Muziki wa mtu usiutumie bila ruhusa, na suala la kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, muulize mapema mwenye ukumbi wa onyesho analishughulikia nani. Basi.

Yule wa tano. Wiki ya tatu alipata kazi ya video ya bongo fleva, siku mbili, malipo ambayo mimi nisingemlipa hata kwa miezi sita. Akaenda, mazoezini hakurudi. Nilinuna. Nikajaribu kumpa mwingine nafasi yake, haikukaa: kwenye Dirishani wenzake walikuwa wanamwegemea kwa zamu, na huyu mpya hawakumwamini, wakawa wanaegemea huku miguu yao imejishikilia. Jioni moja mpya naye hakuja. Nikawaambia wapite tu hivyo hivyo, kila mtu aegemee pale pale penye hewa na ajidake mwenyewe.

Mama anayetuuzia chapati alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Nilimuuliza ameona nini. Usimuulize mtu kama amependa, atasema amependa. Akasema, "Mnamsubiri mtu." Halafu akaongeza kwamba kwa kubingiria kule, yale mashati hayatafika siku ya shughuli.

Tukabaki wanne na pengo. Dansi iliyohusu kugombania gari ikawa inahusu mtu asiyefika, na mimi nilikuwa nimehangaika muda wote huo kulificha pengo lake.

Mashati yalifika, moja likiwa limeshonwa mgongoni. Yule wa tano, dada aliyepata kazi ya video, alikuja kuangalia, akakaa safu ya pili, na baadaye aliniuliza kama kwenye dansi ijayo kuna nafasi. Nikamwambia Jumanne, saa kumi na moja. Amefika saa kumi na mbili kasoro tano.