Umebadilisha injini ya Vespa? Anza na kabureta

Msomaji mmoja wa Chake Chake ameniandikia wiki hii akiwa na uchungu ninaoufahamu vyema. Vespa yake, PX ya cc 150, ilitiwa injini nyingine iliyofumuliwa na kutengenezwa upya. Fundi alimwambia aende taratibu mpaka atimize kilomita 1000, naye akatii. Hata hivyo injini ilikwama barabarani, tairi la nyuma likajifunga, na bloku, yaani silinda, ilipofunguliwa pistoni ilionekana imekwaruzika upande wa ekzosi. "Dada, nilikwenda taratibu kama nilivyoambiwa," ameandika, "sasa kosa langu liko wapi?" Fundi wake anasema ni mwendo wa kasi. Mimi simwamini fundi huyo, na nitaeleza kwa nini, ingawa itanibidi nianze na habari zangu mwenyewe.

Unguja ya leo imejaa pikipiki za Kichina na za Kihindi, lakini Vespa bado ina watu wake: walimu, wauguzi, makarani na wazee wanaokwenda Darajani na kapu limewekwa baina ya miguu. Mimi ni mwalimu, na yangu niliachiwa na marehemu baba. Injini yake ilipochoka kabisa, krenki, ile ekseli inayozungushwa na pistoni, ikilia na beringi zimelegea, nilishauriwa nitafute injini nyingine kamili badala ya kuendelea kuifumua ile ile. PX ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1977, na baadaye kiwanda cha LML cha India kiliunda skuta za namna hiyo hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo spea zake bado hupatikana na kwa sehemu kubwa huingiliana. Sitawachosha kwa habari za kutafuta, kupatana bei na kungoja mzigo uvuke kutoka Dar es Salaam.

Fundi niliyempelekea injini hiyo alikuwa na sifa kubwa mjini. Nilipomuuliza ni jeti ya namba gani, yaani kile kijitundu kinachopima petroli, iliyomo ndani ya kabureta, alimgeukia kaka yangu aliyenisindikiza na kumjibu yeye: "Mwambie dada yako asiwe na wasiwasi, hii ni kazi ya mafundi." Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, haijapata hata joto, aliipiga resi mpaka moshi ukajaa uani, ili sote tusikie inavyonguruma. Vijana wake walifurahi, na mimi nikalipa. Haukupita muda mrefu, nikiwa naelekea Tunguu kwa mwendo wa kiungwana, nguvu zilipungua, mlio ukawa mkavu, na kabla sijafahamu kinachotokea tairi la nyuma lilikuwa likiburura juu ya lami. Alhamdulillahi, sikuanguka. Fundi alipopelekewa habari alisema kwamba wanawake hawajui kutumia gia. Maneno hayo nayaandika hapa kwa sababu bado yananiuma, na kwa sababu yalikuwa uongo ambao uliweza kupimwa.

Aliyeupima ni mzee mmoja wa Mwanakwerekwe, fundi aliyekwisha kustaafu, ambaye hakuwa na karakana wala kibao, ila meza moja chini ya mwembe. Hakuigusa bloku kwanza. Alifungua kifuniko cha sanduku la kabureta, akatoa chujio cha hewa, kisha kwa bisibisi nyembamba akachomoa kile kijiti cha shaba ambacho ndani ya kabureta ya SI 20/20 husimama wima kwenye tundu lake. Alikitenganisha vipande vitatu juu ya gazeti: cha juu kinachopitisha hewa, chenye namba 160, cha kati chenye vitundu ubavuni, kilichochongwa herufi BE3, na cha chini kabisa, jeti kuu. Aliipangusa jeti kwa pindo la shati lake, akaniwekea kiganjani na kusema, "Soma, mwalimu." Ilibidi niigeuzegeuze juani mpaka namba ionekane: 92. Ya PX 150 ni 100.

Namba hiyo ni upana wa tundu kwa vipimo vya mia ya milimita, kwa hiyo 100 ni milimita moja kamili. Tofauti ya nane inaonekana ndogo, lakini mimi nafundisha hesabu, na eneo la duara hufuata mraba wa upana wake. Tundu la 92 lina eneo pungufu kwa takriban asilimia 15. Injini yangu ilikuwa inanyimwa petroli tangu dakika ya kwanza, na hakuna utaratibu wa mwendo ambao ungeiponya.

Hapa ndipo ninapotaka kila anayemiliki Vespa asimame kidogo. Injini hii ni ya mipigo miwili, na chumba chake cha krenki hakina oili ya kukaa. Oili yote inayolainisha pistoni, ringi na beringi za krenki huingia pamoja na petroli, na petroli yenyewe inapogeuka mvuke huondoa joto. Petroli ikipungua, maradhi matatu huja kwa pamoja: mwako unazidi kuwa mkali, kinachopoza kinapungua na oili inapungua. Pistoni ni ya alumini na bloku ni ya chuma cha kusubu; alumini hutanuka zaidi inapopata moto, nafasi baina yao inakwisha, na pistoni inakwama, mara nyingi upande wa ekzosi ambako joto limezidi. Injini iliyozoea inaweza kuvumilia upungufu kidogo. Iliyotoka kuchongwa bloku na kutiwa pistoni mpya haina nafasi ya kuvumilia chochote, na ndiyo maana nasema kuizoesha injini na kurekebisha kabureta ni kazi moja. Fundi anayekwambia uizoeshe kwanza kisha urudi kwake kwa marekebisho anakutuma ukaiharibu mwenyewe, ili lawama ziwe zako.

Mzee hakuishia kwenye jeti. Aliing'oa sumaku, lile gurudumu lenye feni ubavuni mwa injini, akapitisha kidole nyuma yake, na kidole kikarudi kimelowa oili mbichi. Sili ya krenki upande huo ilikuwa imepasuka mdomo. Upande wa sumaku hakuna oili ya gia, kwa hiyo sili ikiharibika huko injini hufyonza hewa tupu, na hewa hiyo haikupitia kabureta wala haikuchukua petroli. Sili ya upande wa klachi ikiharibika dalili huwa nyingine: injini hufyonza oili ya gia, moshi mweupe unakuwa mzito, plagi inalowa, na zile mililita 250 za oili ya gia, SAE 30, zinapungua bila ya kuvuja chini. Hii ya pili inachafua na inaaibisha barabarani. Ile ya kwanza inaua, na inaua kimya kimya. Sili hizi ni mpira mdogo wa bei ndogo, na mtu aliyenunua injini iliyokaa ghalani miaka mingi hana udhuru wa kutozibadilisha kabla haijafungwa kwenye skuta, pamoja na gasketi zote za kabureta.

Bloku yangu ilichongwa. Kipimo cha asili cha PX 150 ni milimita 57.8, na pistoni za kuzidisha huja kwa hatua ya 0.2, kwa hiyo tulihamia 58.0. Mzee alisisitiza mambo mawili ambayo vijana wengi wa mashine huyaruka: kingo za matundu ndani ya bloku zilainishwe baada ya kuchonga, la sivyo ringi hujikwaa na kukatika, na ukuta wa bloku uachwe na mikwaruzo myembamba inayopishana, kwa sababu ndani ya mikwaruzo hiyo oili hukaa na juu yake ringi hujisaga mpaka zikaoana na ukuta. Kuoana huko ndiko kunakoitwa kuizoesha injini, na sehemu kubwa hufanyika mapema sana.

Tuliiwasha kwa petroli iliyochanganywa oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili, asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Kaka yangu alitaka tuzidishe oili mara mbili, "kwa usalama," na najua wengi hufanya hivyo. Fikirini vizuri: tundu la jeti halikui. Kila tone la oili linaloongezwa linachukua nafasi ya petroli, na oili nzito hupita polepole zaidi, kwa hiyo anayezidisha oili bila ya kubadilisha jeti anaizidishia injini njaa ile ile aliyotaka kuikimbia. Mzee alikubali jambo moja tu, nalo ni kutia jeti ya 102 kwa muda wa mazoezi, ili kosa lolote liangukie upande wa petroli nyingi. Plagi nyeusi husafishwa. Pistoni iliyokwaruzika hununuliwa.

Hakuna aliyepiga resi siku hiyo. Injini iliwaka, ikaachwa mpaka silindahedi ikapata joto la kutoshikika, ikazimwa, ikaachwa ipoe kabisa, kisha nati za silindahedi zikakazwa upya kwa mpangilio wa msalaba. Tulilirudia hilo, kisha nikaondoka. Nasisitiza kuhusu lile kava la kuelekeza upepo juu ya bloku, ambalo mafundi wengi huliacha kando kwa sababu linasumbua kulifunga: feni ya sumaku inapuliza, lakini bila ya kava upepo hauyafikii mapezi ya bloku. Nasisitiza pia kuhusu ekzosi. Ekzosi ya zamani iliyojaa masizi ikifungwa kwenye injini mpya huizuia kupumua na kuichemsha, na mtu aliyelipa fedha nyingi kwa injini asione uzito kununua ekzosi.

Kuhusu kuendesha, ushauri wangu ni mfupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Kwa kilomita 1000 za mwanzo usifungue mkono wa resi mpaka mwisho, lakini pia usiing'ang'anize gia ya nne injini inapotetemeka kwa kukosa nguvu, maana mzigo mkubwa kwa mzunguko mdogo ni adhabu kuliko kasi. Badilisha mwendo. Barabara ya kutoka Tunguu kupita Jozani mpaka Paje imenyooka na ina kivuli, inamshawishi mtu ashike mkono mahali pamoja na kuanza kuimba. Kwa injini inayozoeshwa ni mtego. Vuta kidogo, achia kidogo, vuta tena. Ukiteremka usifunge resi kabisa kwa muda mrefu ukiwa ndani ya gia, kwani krenki inazunguka kwa kasi huku petroli yenye oili imekatwa. Bana klachi, au fungua resi kidogo. Na vidole vya mkono wa kushoto vikae juu ya klachi. Ukisikia nguvu zinapungua bila ya sababu au mlio unakuwa mkavu, bana klachi mara moja, simama, na usipige kiki mpaka ipoe. Vijana wa mtaani walikuwa wakiniita kobe nilipopita. Baadhi yao sasa wanatembea kwa miguu.

Marekebisho yaliendelea njiani. Skrubu ya mchanganyiko nyuma ya kabureta tulianzia mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokaza, na kwenye kabureta hii kuifungua ni kuongeza petroli. Sikiliza silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa umesimama bila ya kuvuta. Ukipiga resi fupi na kuachia, injini ikachelewa kushuka au ikabaki juu kwa muda, inafyonza hewa au inakosa petroli, na usiende popote mpaka ujue ni ipi. Ikishuka mno na kutaka kuzimika, petroli imezidi. Ukiwa kwenye mwendo wa kati na una shaka, vuta choki kidogo: injini ikichangamka, ilikuwa na njaa, ikigugumia, shiba ipo. Mwisho ifungue plagi. Rangi ya kahawia kwenye kauri ni salama, nyeupe ni hatari. Kuwashwa kwa cheche nako kupimwe kwa taa, siyo kwa sikio. Kwa PX 150 yenye mfumo wa elektroniki ni nyuzi 18 za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni kufika juu, na cheche inayowahi mno huleta joto lile lile linaloletwa na jeti ndogo.

Injini hiyo ndiyo inayonipeleka skuli mpaka leo, na jeti ya 100 imerudi mahali pake. Kwenye karakana ile ya kwanza sijakanyaga tena. Naona wanawake wenzangu wakisimama kando huku mafundi wakizungumza na waume zao kuhusu skuta ambazo hao waume hawazipandi, na nawaomba wasikubali. Ulizeni namba. Itakeni jeti mkononi, muisome wenyewe kabla ya kulipa. Fundi mwema hachukii swali, anayechukia ameshajibu.

Sasa narudi kwako wa Chake Chake. Usinunue bloku nyingine bado, na usimruhusu fundi achonge chochote kabla hajaing'oa sumaku ukiwa umesimama hapo hapo, ukaitazama sili na kuigusa kwa kidole chako. Kisha toa jeti kuu na unitumie namba yake pamoja na picha ya plagi iliyokuwemo siku injini ilipokwama, bila ya kuisafisha. Kama bloku haijawahi kuchongwa, huenda 58.0 ikatosha.