Muulize Wakala: Gari linalala Himo, namba zinasoma Kenya

*Ukurasa wa maswali ya wasomaji kuhusu forodha, magari na mizigo. Anajibu wakala wa forodha aliyeko Moshi.*

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Himo, nanunua mahindi na vitunguu na kuvipeleka Moshi mjini, soko la Mbuyuni. Shemeji yangu anaishi Taveta, ana Noah yenye namba za Kenya. Mwaka jana aliniachia niitumie, tukakubaliana nimlipe kidogo kidogo mpaka iwe yangu. Kibali cha kuingiza gari kwa muda kikikaribia kuisha anakuja, anavuka nayo kwenda kwao, tunakunywa chai, anairudisha na kibali kipya chenye jina lake. Sasa rafiki yangu ananitisha eti naendesha gari la magendo. Gari limelipiwa kodi zote Mombasa, na sisi ni Jumuiya moja, ushuru ni mmoja. Kosa langu liko wapi?
*Mfanyabiashara, Himo*

Marahaba mwanangu. Rafiki yako hakutishi. Anakuambia mapema jambo ambalo siku moja ungeambiwa barabarani na mtu mwenye sare, huku magunia yako yakiwa juani.

Hoja ya Jumuiya naijua vizuri, maana kila anayekuja ofisini na gari la Kenya anaanza nayo. Sikiliza. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi mwaka 2005, na ni kweli ushuru wa gari linalotoka nje ya Jumuiya uliwekwa 25%. Lakini kinachovuka mpaka wa Holili bila ushuru ni bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, yenye cheti cha uasili. Kitunguu cha Taveta kinaweza kuvuka hivyo. Noah yako imezaliwa Japani, na kupitia Mombasa hakukuipa uraia.

Halafu kuna Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza mwaka 2014. Hapo kodi inakwenda kwa nchi ambako mzigo utatumika, hata kama umeshushwa bandari ya jirani. Shemeji yako alipolitoa gari Mombasa aliiambia serikali ya Kenya kwamba litatumika Kenya, Kenya ikachukua chake. Kwa sasa gari linalala Himo. Linakanyaga lami ya huku, linabeba mzigo wa huku, na Tanzania haijapata ushuru wala VAT yake. Swali la kodi ya gari, mwanangu, siku zote ni hilo: linalala wapi? Namba hazilijibu.

Sasa kibali. Kile ni cha mtu anayekuja na kuondoka: Mkenya anayekwenda kuzika Rombo, mfanyakazi wa Nairobi aliyekuja mapumziko Marangu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha miezi 12 kwa kitu kilichoingizwa kwa muda, na gari lenyewe halitakiwi kuuzwa, kukodishwa wala kuachiwa mwenyeji. Kibali cha muda ni godoro la mgeni. Mwenye nyumba hawezi kulilalia mwaka mzima akasema yuko safarini. Na wewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba unamlipa shemeji kidogo kidogo. Hapo hakuna kuazimana tena, hapo kuna mauzo. Kwenda kunywa chai Taveta hakubadilishi kitu. Zamani, kabla ya kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kufunguliwa mwaka 2016, ulikuwa unapanga foleni upande mmoja kisha unaanza nyingine upande wa pili, na karatasi zilikuwa zinapotea katikati. Siku hizi maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja na kumbukumbu ziko kwenye kompyuta. Gari lilelile, dereva yuleyule, linatoka asubuhi linarudi mchana, tena na tena. Ofisa hahitaji kuwa mjanja ili alione hilo.

Najua wanavyofanya wakisimamisha gari la aina yako. Hawaanzi na injini wala matairi. Ofisa anaomba kibali, anasoma jina lililoandikwa, kisha anaomba leseni yako na kulinganisha. Majina hayafanani. Anauliza mwenye gari yuko wapi, unasema "shemeji, yuko njiani". Anafungua mlango wa nyuma, anakuta magunia. Hapo mazungumzo yamekwisha. Gari linaweza kuzuiwa na kutaifishwa, na anayeshtakiwa ni aliyekutwa nalo. Shemeji atakuwa kwake Taveta anakutumia ujumbe wa pole.

Mzigo nao una kesi yake. Gari la nje halikuletwa kufanya biashara ya ndani, Himo kwenda Mbuyuni. Hata ungekuwa na namba za Tanzania, ukibeba mizigo ya watu kwa malipo unatakiwa uwe na kibao cha namba cheupe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Kibao cha njano ni cha gari binafsi. Na bima ya Kenya haivuki mpaka peke yake, inahitaji ile kadi ya njano ya COMESA, ya bima ya kuvuka mipaka. Ukimgonga mtu pale njia panda ya Himo kadi hiyo haipo, au ipo ila dereva na matumizi sivyo vilivyoandikwa, utauza shamba.

Sasa tufanye hesabu, maana naona ndiyo iliyokukimbiza. Chukua mfano kwamba TRA wanaithamini Noah hiyo shilingi 20,000,000. Ushuru wa forodha 25% ni 5,000,000. Jumla 25,000,000. Injini iko kati ya cc 1,001 na 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa 5% ya hiyo jumla, 1,250,000. Gari lina zaidi ya miaka 10, kuna ushuru wa uchakavu 30%, yaani 7,500,000. Sasa una 33,750,000, na VAT ya 18% inapigwa juu ya yote hayo: 6,075,000. Jumlisha kodi zote unapata 19,825,000, bila tozo ndogondogo, usajili na ujira wa wakala. Kodi imekaribia kuwa bei ya gari lenyewe. Na usije ukaniletea karatasi mliyoandikiana na shemeji kwamba amekuuzia kwa bei ya mbuzi wawili. TRA wana thamani zao za magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kipo kwenye tovuti yao, hata wewe unaweza kuangalia kwa simu.

Watu wengi hawalioni hili. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo Noah inayoonekana rahisi Taveta au Nairobi mara nyingi iliingia ikiwa na miaka saba, ikazeekea huko. Wewe unaikuta na miaka 12 au 15, ambapo sisi huku tunaitoza uchakavu wa juu kabisa. Urahisi wake wote unaliwa na ile 30%. Gari lenye miaka 8 hadi 10 linatozwa 15%, na lililo chini ya hapo halitozwi uchakavu. Binafsi sioni kwa nini mtu wa Himo ahangaike na gari kuukuu la Kenya.

Ufanye nini? Kesho shemeji aje mwenyewe aliondoe, kwa jina lake na kibali chake, na lisirudi kwako. Pesa uliyokwisha mpa mzungumze kifamilia. Kama umelipenda gari hilo kufa na kupona, nenda TRA Moshi kabla hujakamatwa, ukiwa na wakala mwenye leseni, kadi ya gari ya Kenya, kitambulisho cha muuzaji, hati ya mauziano na uthibitisho wa polisi kwamba si la wizi. Litafanyiwa tamko la forodha, utalipa, utapewa namba za T. Lakini ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekuambia utafute gari lililokwisha sajiliwa huku. Utaona bei imesimama juu kidogo, ila kodi imo ndani.

Dada yangu, habari za Moshi. Mimi ni mama wa Njiro, Arusha. Mwanangu yuko California anafanya kazi, anataka kununua lile gari lenye kitanda na jiko la kusafiria, dola 60,000. Ananiomba nimuongezee kidogo. Anasema wenzake wamemfundisha afungue kampuni jimbo la Montana, gari liandikwe kwa jina la kampuni, asilipe kodi ya mauzo. Anasema huko ni halali kabisa. Wewe wa forodha unaonaje?
*Mama wa Njiro*

Nzuri dada. Mimi si mwanasheria wa Marekani, ila hii habari inafahamika na kwangu ni Noah ya Himo iliyovaa suti.

Marekani kodi ya mauzo haitozwi na serikali kuu, inatozwa na majimbo, na matano hayana kodi hiyo ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. California inaanzia 7.25%, na wilaya na miji huongeza yao juu. Kwa dola 60,000, hiyo 7.25% ni dola 4,350. Montana tena ina raha nyingine: gari jepesi la miaka 11 au zaidi unaweza kulisajili mara moja likakaa hivyo moja kwa moja. Mtu asiyeishi kule hawezi kusajili kwa jina lake, ndiyo maana wanafungua kampuni. Kampuni haina duka, haina mfanyakazi, ina anwani ya ofisi ya anayewafungulia wengi kama yeye. Mali yake yote ni gari moja ambalo haliko Montana.

Anaposema ni halali, anasema nusu. Kufungua kampuni Montana ni halali. Kampuni kumiliki gari ni halali. Lakini California ina kodi ya matumizi, na imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye: ukinunua nje ya jimbo bila kodi kisha ukatumia ndani, unadaiwa kiasi kilekile. Gari likiingizwa California ndani ya miezi 12 tangu linunuliwe, wanalichukulia kwamba lilinunuliwa kwa matumizi ya pale, na kazi ya kuthibitisha kinyume ni yako. Mhamiaji mpya anapewa siku 20 kusajili gari lake. Na askari wao wa barabara kuu, wale wa CHP, wana mpango mzima ambapo jirani akiona namba za jimbo jingine zinalala kwenye uwanja wako mwezi baada ya mwezi, anaingia mtandaoni anakuripoti. Huku kwetu jirani angepiga tu umbea dukani.

Mwulize pia kuhusu bima. Kampuni ya bima ya kule inataka kujua gari linalala wapi usiku, kwa sababu bei inapangwa kwa eneo. Akiandika Montana, amedanganya, na siku ya ajali watakuwa na sababu ya kukataa kumlipa. Akiandika California, ameacha maandishi yake mwenyewe kwamba gari ni la California. Hakuna jibu la tatu, labda awe ni mtu ambaye kweli amehamia Montana.

Kama una pesa za kumuongezea, mpe kwa sharti kwamba hizo 4,350 zimo kwenye bajeti. Au anunue gari la dola 55,000, kodi itatoshea humohumo na chenji itabaki. Kitanda kitakuwa kilekile.

Mama, nimerudi nyumbani Usa River baada ya miaka tisa Uingereza. Nimekuja na gari langu, nikapata msamaha wa ushuru kama mkazi anayerejea. Kuna mtu wa Arusha anataka kulinunua sasa hivi kwa bei nzuri, pesa taslimu. Anasema tuandikishane tu kwa mwenyekiti wa mtaa, jina kwenye kadi libaki langu. Kuna ubaya?
*Mrejea*

Karibu nyumbani, na huyo mteja mwogope. Msamaha ule unapewa mtu, haupewi gari. Umeupata kwa sababu ulimiliki na kulitumia gari kule kwa angalau miezi 12 na umekuja kuishi huku. Ukilihamishia kwa mtu asiye na msamaha, kodi iliyosamehewa inadaiwa, na anayedaiwa ni aliyeomba msamaha. Kuacha jina lako kwenye kadi maana yake ni kwamba faini za barabarani ni zako, ajali ni yako, na forodha wakiuliza gari liko wapi, wewe ndiye utakayeitwa.

Mnaweza kuuziana kihalali. Nendeni wote wawili TRA, waulizeni kodi inayodaiwa kwa thamani ya gari lilivyo leo, mkubaliane nani analipa, ilipwe, kisha kadi ibadilishwe jina. Akianza kusema ofisi za TRA zina usumbufu na yeye ana haraka, mrudishie pesa zake siku hiyohiyo, mbele ya shahidi, na ufunguo usiutoe mfukoni.