"Used to" kwa vijana wanaoongoza wageni Kilwa

Ukiongoza wageni Kilwa Kisiwani, ni vigumu kumaliza hata saa moja bila kuhitaji kauli ya Kiingereza "used to". Kazi yetu ni kusimulia yaliyokuwapo na sasa hayapo. Wadogo zangu wanaoanza kazi hii wengi hukwama hapo, kwa hiyo naandika vile ninavyowaelekeza tukiwa njiani.

Tuanze na matamshi. Ile "d" haisikiki, humezwa na "t" inayofuata, na "s" hubaki "s": yuusta. Kwa kuwa haisikiki, wengi huiacha hata wanapoandika. Usiiache. Andika "Kilwa used to mint its own coins", yaani zamani Kilwa ilikuwa ikitengeneza sarafu zake yenyewe. Lakini ukisema "coral stone was used to build this mosque", hapo unazungumzia kutumika kwa mawe ya matumbawe. Herufi ni zilezile, ila sasa inasikika "z": yuuzd tu. Simama mbele ya Msikiti Mkuu, zitamke sentensi zote mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka ulimi uzitenganishe wenyewe.

Kuna mahali "d" huondoka kihalali, nako ni baada ya "did": "Did people use to live here?" Wakati uliopita umeshabebwa na "did". Kwenye kukanusha ni vivyo hivyo, "didn't use to".

Kosa linaloniuma zaidi ni kuitumia kauli hii kwa jambo lililotokea mara moja. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Sema "visited". Ukisema "used to visit" umemfanya mtu wa kuja na kurudi kila mara, na hapo umepotosha historia yetu wenyewe mbele ya mgeni aliyevuka bahari kuja kuisikia. Ukiwapeleka Mikindani ni hivyohivyo: Livingstone alipita pale mwaka 1866, basi ni "passed through".

Ukitanguliza "am", "is" au "are", maana hugeuka kuwa kuzoea, na kitenzi kinachofuata huchukua "-ing": "I am used to walking in the sun." Ukiiacha ile "am" na kusema "I used to walk in the sun", mgeni ataelewa kwamba siku hizi hutembei tena juani. Na akikuuliza njiani kuelekea magofu ya kasri la Husuni Kubwa, "Are you used to this heat?", jibu ni fupi: "Yes, I'm used to it."