Itifaki ya simu ipangwe kwa kutarajia kukatika

Katika kuandaa mfumo wa kumbukumbu za mauzo ya dagaa kati ya mialo ya kisiwa cha Ukerewe na soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nimejiridhisha kwamba kinachopaswa kulindwa ni ujumbe, si muunganisho.

TCP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kawaida ya kusafirisha data mtandaoni, hutambua muunganisho kwa anwani na porti (namba za milango ya programu) za pande zote mbili, hivyo karani anayeacha Wi-Fi ya ofisini na kuingia mtandao wa simu hubadilishiwa anwani na muunganisho wake hufa, hata mawimbi yawe mazuri kiasi gani. QUIC, itifaki mpya zaidi iliyofanywa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2021 katika waraka wa RFC 9000, huondoa kero hiyo kwa kutumia namba ya utambulisho isiyotegemea anwani. Itumieni, ila muiache TCP kama njia ya akiba, kwa kuwa QUIC husafiri juu ya UDP, itifaki nyepesi ya kutuma pakiti, na ipo mitandao inayoizuia.

Hata hivyo, QUIC haimalizi tatizo kubwa zaidi. Karani akituma mauzo akiwa ndani ya meli, kisha asipate jibu, simu yake haiwezi kujua kama ombi halikufika au lilifika na jibu ndilo lililopotea; ikituma tena, mzigo mmoja unaweza kuandikwa mara mbili, na hapo ndipo ugomvi na wachuuzi huanza. Kwa hiyo kila ingizo lipewe namba ya pekee na simu yenyewe kabla ya kutumwa, na seva ikiiona namba hiyo tena irudishe jibu lilelile bila kuandika upya. Utaratibu huu ndio pia unaoruhusu kutumia kwa usalama 0-RTT, yaani kutuma data mara tu muunganisho unapoanza upya bila kusubiri seva ijibu kwanza, kwani data ya aina hiyo inaweza kunaswa na kurudiwa na mtu mwenye nia mbaya.

Muda wa kusubiri jibu nao usiwe mfupi wala usiobadilika. Mitandao ya 4G hurudia yenyewe data iliyoharibika hewani, jambo linalopunguza upotevu lakini linafanya ucheleweshaji upande na kushuka ghafla; simu isiyo na subira itarudia maombi ambayo bado yako njiani na kumaliza bando la karani bure. Vilevile, ujumbe wa kila baada ya sekunde chache wa kuweka muunganisho hai huzuia redio ya simu kupumzika, na betri ndiyo inayolipa.

Kwa majaribio, zana ya netem ya Linux huiga vizuri ucheleweshaji na upotevu wa pakiti. Kuhama minara na kubadilika kwa anwani mtavipima vyema zaidi melini, kati ya Mwanza na Nansio, Ukerewe.