Maswali na majibu: kubadili tahasusi mwanzoni mwa kidato cha tano

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tano wanaporipoti shuleni mwezi Julai, haupiti muda mrefu kabla sijaanza kupokea maswali kuhusu kubadili tahasusi, yaani kundi la masomo matatu makuu ambalo mwanafunzi husoma, au kombi kama wanavyoziita wenyewe. Nimechagua matano ambayo, kwa maneno tofauti, huulizwa mara nyingi zaidi.

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na huu ni mwezi wangu wa pili. Katika jaribio la kwanza nimepata 28 Fizikia na 19 Hisabati, wakati kidato cha nne nilikuwa na B zote mbili. Je, nihamie HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) kabla mambo hayajaharibika?

Marahaba. Usihame kwa sababu ya jaribio moja, na hasa jaribio la mwezi wa pili. Kidato cha tano hakiendelezi tu pale kidato cha nne kilipoishia, kwani mada zilezile hurudi zikiwa na kina kingine kabisa, na walimu huenda kwa kasi kwa sababu kati ya Julai mnapoanza na Mei mnapofanya mtihani wa Taifa kuna takribani miezi 22 tu, likizo zikiwamo. Darasa zima hupigwa na wimbi hilo, wakiwamo wale ambao mwishowe hufaulu vizuri.

Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyekuja ofisini na barua ya kuomba kuhamia HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), akiwa ameikunja pamoja na karatasi yake ya Fizikia. Tuliifungua karatasi hiyo mezani. Katika swali la kitu kilichorushwa angani alikuwa amechora mchoro sahihi na kuandika kanuni sahihi, kisha akaweka sini mahali pa kosini, na kuanzia hapo kila mstari ukawa na jibu lisilo lake. Swali lililofuata alikuwa amelianza vizuri, muda ukamwishia. Tulipomaliza kuhesabu, alama alizopoteza kwa kutoielewa mada zilikuwa chache kuliko alizopoteza kwa haraka na kwa udhaifu wa aljebra, na huo ni udhaifu unaotibika kwa mazoezi. Barua aliondoka nayo.

Fanya hivyohivyo na karatasi zako mbili. Mbele ya kila alama iliyopotea andika kama hukuijua mada, kama uliijua ukakosea hesabu, au kama muda ulikwisha. Iwapo sehemu kubwa ni ya kwanza, na bado unaona giza hata baada ya kurudia mada hiyo pamoja na mwalimu au mwenzako anayeielewa, hapo ndipo mazungumzo ya kuhama yanapoanza. Hata hivyo fahamu kwamba HGE haikuondolei hesabu, kwa kuwa utasoma Hisabati ile ndogo inayoitwa BAM (Basic Applied Mathematics), na Uchumi wenyewe una grafu na mahesabu yake. Nafuu iliyopo ni kwamba Uchumi wengi wenu mnauanza upya kidato cha tano, hivyo katika somo hilo hutakuwa nyuma sana ya wenzako. Historia na Jiografia si hivyo: angalia matokeo yako ya kidato cha nne kabla hujaandika lolote.

Mwalimu, mimi niko PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia). Kemia na Bayolojia ninazipenda, ila Fizikia inanitesa. Nikihamia CBG (Kemia, Bayolojia na Jiografia) bado ninaweza kuwa daktari?

Hapana, si kwa njia ya moja kwa moja, na nasikitika kwamba wengi hulijua jambo hili wakiwa wamekwishamaliza kidato cha sita. Shahada ya udaktari wa binadamu hudai ufaulu katika Fizikia, Kemia na Bayolojia kwa pamoja, na Jiografia haizibi pengo la Fizikia. CBG ni tahasusi nzuri kwa anayetaka kilimo, mazingira au ualimu wa masomo hayo, na anayeichagua kwa nia hiyo simzuii hata kidogo. Wewe, hata hivyo, umeandika neno daktari.

Kabla ya kuamua, pima uzito wa namba. Katika kuomba nafasi chuo kikuu, A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Hii ina maana kwamba Fizikia si lazima iwe somo lako bora, bali inatosha iwe somo linalopita kwa heshima huku Kemia na Bayolojia zikiubeba mzigo. Vigezo vya kila programu hutolewa katika mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), na mwanafunzi wa kidato cha tano anapaswa kuusoma mapema, asisubiri matokeo. Nakusihi uipe Fizikia saa moja kila siku mpaka mwisho wa muhula, kisha uniandikie tena.

Habari za kazi Mwalimu. Binti yangu amepangiwa HGL nami nataka ahamie sayansi, maana ajira ziko huko. Ana C katika Kemia na Bayolojia, na D katika Fizikia. Yeye hataki.

Nzuri, mzazi mwenzangu. Hofu yako ya ajira ninaielewa, na wala si hofu ya bure. Lakini D ya Fizikia inaifanya PCB kuwa mlima mkali tangu mwanzo, na hata CBG itasomwa na mtu ambaye moyo wake haupo, tena kwa miaka miwili migumu. HGL humfikisha mtu kwenye sheria, ualimu, uandishi wa habari na utawala, akifaulu vizuri. Mwulize anataka kuwa nani, kisha msikilize mpaka amalize kusema.

Shule niliyopangiwa haina tahasusi ninayoitaka. Nifanyeje?

Dirisha la kubadili machaguo hufunguliwa na TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) kabla ya wanafunzi kupangiwa shule. Ukishapangiwa, njia iliyobaki ni uhamisho wa shule, ambao unahitaji nafasi kule unakokwenda na ridhaa ya wakuu wa shule zote mbili. Anza kwa mwalimu wa taaluma wa shule yako. Orodha ya tahasusi ilipanuliwa mwaka 2024 hadi kufikia 65, zikiwamo za sanaa na michezo, lakini shule hufundisha zile tu ambazo ina walimu wake.

Sasa ni Februari, niko kidato cha tano EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na nimegundua kwamba Hisabati siiwezi kabisa. Wenzangu wanasema nimechelewa.

Wenzako wana haki kwa sehemu. Umebakiwa na takribani miezi 15 kabla ya mtihani, na katika tahasusi mpya utakuwa na mada za muhula mzima za kuzifukuzia huku darasa likisonga mbele. Hata hivyo hali yako ina unafuu usiouona: ukihamia HGE, Uchumi na Jiografia unaondoka nazo, na somo jipya ni Historia peke yake. Ulizia kwanza kama shule yako inaifundisha HGE na kama Historia uliifaulu kidato cha nne. Kisha azima daftari la Historia la mwanafunzi makini wa HGE, ukae nalo Jumamosi moja kuanzia ukurasa wa kwanza. Ukifika jioni ungali unataka kuendelea, nenda Jumatatu kwa mwalimu wa taaluma ukiwa na barua yako, wala usingoje muhula uishe.